Mstari wa Kufungia

Mama Mdogo hakuwa mtu wa kuharibu karatasi. Katika chumba kile cha kujalidi vitabu, nyuma ya mitambo ya kupigia chapa, wapo waliowahi kuharibu gundi, uzi, visu na hata ndoa zao, lakini yeye karatasi ilimtii. Kwa hiyo Bi Gundi alipoona moja imekunjwa upande, pembe imetokeza kama ulimi wa mtoto mkorofi, alijua kuna jambo.

"Shoga, kulikoni? Mkono umelala?"

"Mkono haujalala," Mama Mdogo akasema. "Mkono umetukanwa."

Jina hilo la Mama Mdogo awali liliitwa na mtu mmoja tu, binti wa dada yake. Lakini mtoto yule alikuwa na sauti, na kila alipotoka shule alikuja kulipiga hilo jina mlangoni, mpaka mafundi wa mitambo wakalidaka, meneja akalidaka, na siku hizi hata wateja wenye mvi humwita Mama Mdogo bila kuona haya. Alilipenda. Hakujua kwamba ipo siku ataitwa hivyo akatae kuitika.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Karatasi iliyopigwa chapa hutoka mtamboni ikiwa pana kama kitambaa cha meza, nayo hukunjwa mara tatu kabla ya kushonwa. Kwa miaka mingi mikunjo hiyo mitatu ilikuwa na wenyewe. Bi Gundi, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya ndoo yake isiyomtoka mkononi, alikunja wa kwanza akasukuma. Mama Mdogo alikunja wa pili, akaupitishia mfupa laini wa kunyooshea, akasukuma. Dada yake, mkubwa wake wa tumbo moja, akakunja wa tatu na kuubana kwa kiganja. Karatasi ilitembea mezani kutwa nzima, na mdomo haupendi kukaa bure mikono ikiwa kazini. Walisengenya, waliimba, walichokozana.

Kisha wakaletewa kitabu chembamba cha mashairi ya nchi ya mbali, kila shairi mistari mitatu tu, mizani tano, saba, tano. Haiku, kiliitwa. Bi Gundi aliuliza kama huo ni ugonjwa au chakula. Dada hakucheka. Alisoma moja kwa sauti huku akikunja, akasoma la pili, kisha akapiga meza.

"Jamani, hili si shairi. Hii ni karatasi yetu!"

Na kweli ilikuwa yao. Mkunjo wa kwanza ni mfupi, wa pili una safari ya mfupa, wa tatu mfupi tena. Tangu siku ile meza ikawa na mchezo wake, wakauita kunjo. Bi Gundi analeta jambo lisilo la kila siku: neno lililozeeka, au mahali, au mila, au majira ya mwaka. Anasema mstari wa kwanza huku anakunja. Mama Mdogo anapokea kwa mstari wa kati. Dada anafunga. Hakuna kukuna kichwa. Karatasi ikikukuta huna neno umeliwa, na chai ya saa nne utaichemsha wewe. Siku Bi Gundi alipoleta neno utusitusi, lile giza jepesi la jioni wakati macho hayaaminiki, ilitoka hii:

*Utusitusi*
*paka na jiwe sawa*
*hadi aruke*

Walicheka mpaka meneja akaja kuuliza nani kaumia.

Dada alikuwa na namna yake. Alipenda kufunga kwa swali, akuachie kazi ya kwenda nayo nyumbani. Mafundi wa mitambo walimwita Mfungaji Bora, utadhani anachezea timu. Walipopewa kichochoro, ile njia nyembamba baina ya nyumba ambapo watu hawapishani, yeye alimalizia hivi:

*Kichochoroni*
*wawili wakutana*
*nani arudi?*

Mwaka juzi Dada aliugua, akalazwa, akafa. Meza ikabaki na watu wawili na viti vitatu. Wiki ya kwanza Bi Gundi alijaribu kuanzisha mstari, Mama Mdogo akamtupia jicho ambalo lilimfanya aumeze mstari wote pamoja na mate. Basi, kunjo nalo likafa. Mama Mdogo akawa anakunja mkunjo wa pili na wa tatu peke yake, kimya. Kiti cha Dada kilibaki pale pale na mto wake wa kitambaa cha bluu, kila asubuhi kinafutwa vumbi, na hakikaliki. Meneja aliwahi kutua begi lake hapo, akaambiwa maneno ambayo hakuyarudia kwa mkewe.

Binti naye, aliyekuwa amekua na kupanga chumba chake, alikuja baada ya mazishi, akasimama mlangoni kama zamani. Mama Mdogo alimwahi kabla hajaingia. "Leo tuna kazi nyingi, mwanangu. Nenda nyumbani ukapumzike." Hakutaka mtoto akione kile kiti. Alipokuja tena alimwambia hivyo hivyo, na mara ya tatu hivyo hivyo. Baadaye hakuja. Wakawa wanaonana kwenye shughuli za ukoo, wanasalimiana, wanaulizana afya, na kila mmoja anashika njia yake.

Sasa turudi kwenye ile karatasi iliyokunjwa upande.

Ilikuwa kazi ya nakala chache za kushona kwa mkono, jalada la kitambaa, za kuzinduliwa ukumbini. Mjalidi hasomi, akisoma hatamaliza. Lakini ukurasa mweupe kiasi kile, wenye mistari mitatu tu katikati, unamkodolea mtu macho. Mama Mdogo akatupa jicho. *Utusitusi.* Moyo ulimruka. *Paka na jiwe sawa.* Kwa muda mfupi alifurahi, tusimfiche hilo. Alifurahi kama mtu aliyesikia sauti ya nduguye nje ya mlango. Akakunja nyingine, akakutana na kichochoro chao. Akakunja nyingine.

*Kipupwe hodi*
*shuka moja, upendo mwingi*
*nani wa kati?*

Hapo ndipo mkono ulipofika mwisho wa mkunjo huku maneno bado yanamwagika. Mfupa ukateleza. Karatasi ikaenda upande.

Kwa sababu mstari ule wa kati ulikuwa wake, na haukuwa hivyo. Ulikuwa *shuka ni moja kwetu.* Kipupwe, yale majira ya baridi ya asubuhi, mwaka ule kilikuja na meno. Aliusema mstari ule akiwa na mafua, na alikumbuka hata kamasi zake. Hakuwahi kutia upendo mwingi mahali popote. Angeutia wapi?

Akavuta karatasi ya mwanzo, yenye jina la kitabu na la mwandishi. Jina la mwandishi lilikuwa moja, nalo lilikuwa la Binti.

"Bi Gundi, njoo usome."

Bi Gundi alifuta mikono kwenye aproni, akasoma, akasoma tena, akatabasamu. "Ooh, si mtoto wetu huyu!"

"Ndiyo maana!" Mama Mdogo akafoka. "Angekuwa mwizi wa mtaani ningeita polisi nikalala. Huyu nimembeba mgongoni!"

"Labda ndani ameandika shukrani."

Walitafuta. Binti alimshukuru mchapishaji, akawashukuru marafiki, akaushukuru "utoto wangu." Mama yake hakuwemo, Mama Mdogo hakuwemo, Bi Gundi hakuwemo. Bi Gundi naye tabasamu likamwisha, ingawa yeye hasira zake zilikuwa za kupika taratibu.

Meneja aliposikia sauti alichungulia. "Mama Mdogo, mteja ni mteja."

"Mteja huyu nimembadilisha nepi."

"Hata hivyo, vitabu vinahitajika."

"Vitapatikana," akasema, na meneja, ambaye hakuwa mjinga, akarudisha kichwa chake alikokitoa.

Siku zile za kushona zilikuwa za mateso kwa kila aliyemkaribia. Mama Mdogo alivuta uzi wenye nta hadi ukalia. Alitoboa karatasi kwa sindano kama anayemchoma mtu. Hakumpigia Binti simu, hakumtumia salamu. Alitaka macho kwa macho. Nyumbani, katika chumba alichoishi na Dada miaka yote, alikuta mkono wake unaosha vyombo na kichwa chake kinakunja karatasi isiyokuwepo. Neno lilikuwa kitwea, ule upweke wa mtu aliyezoea kuwa na wenzake.

*Kitwea changu*
*sahani mbili safi*
*naosha zote*

Akashtuka. Kunjo zima, kalisema mwenyewe, kalifunga mwenyewe, kama mtu anayejikuna mgongo kwa mwiko. Akazidi kukasirika. Hakuwa na wa kumwambia, na aliyekuwa anafaa kufunga yuko udongoni, na maneno yake yanakwenda ukumbini chini ya jina la mtu aliyekuwa wakati ule anajifunza kufunga kamba za viatu.

Kikabaki kitu kimoja: jalada. Katika chumba kile jina halipigwi kwa mtambo. Herufi za shaba hupangwa moja moja kwenye kishikio, zikapashwa moto, zikakandamizwa juu ya utepe wa dhahabu mpaka zizame kwenye kitambaa. Ilikuwa kazi ya Dada. Sasa ilikuwa ya Mama Mdogo. Mashairi yalishachapwa, hilo halikuwa na dawa. Lakini jina la kwenye jalada lilikuwa bado mikononi mwake. Siku ya kulipiga akawasha jiko la kupashia, akapanga vitabu mezani vikiwa na nyuso tupu, kisha akaketi, akafumbata mikono, sanduku la herufi mapajani.

"Sipigi," akamwambia Bi Gundi. "Waende nacho kipara hivyo hivyo."

"Shoga, uzinduzi ni leo jioni."

"Ndiyo."

Binti alikuja kabla ya saa sita, mrefu kama mama yake, na viatu vipya vinavyolia kwenye sakafu ya saruji, simu mkononi tayari kwa picha.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

Hakuitikiwa. Shikamoo ilikaa pale hewani, ikining'inia. Ni kitu kizito, shikamoo isiyopokelewa. Mtu mzima anaweza kukutukana ukasamehe, lakini hiyo inakuvua nguo. Binti akageuka.

"Shikamoo, Bi Gundi."

"Marahaba, mwanangu, marahaba!" Bi Gundi akaitikia harakaharaka, kama anayeitikia kwa niaba ya wawili.

"Nimekuja kuona jina linavyopigwa. Naruhusiwa kupiga picha?"

"Jina la nani?" akauliza Mama Mdogo.

"La... langu. Kwani hamkupata maelezo ya jalada?"

"Tulipata. Tukasoma. Kusoma tunajua." Akasimama, sanduku limekumbatiwa. "Hebu niambie wewe mtoto. Paka na jiwe, nani aliyewaona wako sawa?"

Binti akashusha simu.

"Jibu! Kichochoroni ulikutana na nani wewe?"

"Mama Mdogo, nilijua utakasirika kidogo..."

"Kidogo!" Akamgeukia Bi Gundi. "Umesikia? Kidogo!" Akamrudia. "Mama yako amekaa meza hii mpaka vidole vikapinda. Kila mstari wa mwisho humo ndani ni pumzi yake. Wa kwanza ni wa huyu mama hapa, ambaye hata leo kakuitikia shikamoo yako kwa moyo mweupe. Na wewe umekuja na kijiko chako, umechota, umeandika jina. Moja! Hata mwizi wa kuku huacha manyoya."

"Sikuiba! Nilikuwepo!"

"Wapi?"

"Pale!" Binti akaonyesha kona ya mlangoni, yalipolala magunia ya vipande vya karatasi. "Pale kwenye magunia. Kila siku nikitoka shule. Mlisema nisisogee mezani kuna kisu. Nikawa nafanya hesabu zangu pale na kuwasikiliza. Zote nilizishika kichwani. Ninyi mlikuwa mnasema, mnacheka, mnazitupa. Nani aliziokota?"

"Kuokota ndiyo kutunga?"

"Sijasema nimetunga!"

"Jalada linasema!"

"Mchapishaji alitaka jina moja. Alisema watu watatu, mmoja marehemu, itawachanganya wasomaji. Nikaona bora zitoke kwa jina langu kuliko zisitoke kabisa."

"Ukaona bora! Na sisi tuko hai, tuna masikio, tuna simu. Bora hiyo ukaiona peke yako?" Sauti ya Mama Mdogo ilipanda mpaka mtambo mmoja kule mbele ukazimwa ili wenyewe wasikie vizuri. "Na huo upendo mwingi? Nao uliusikia kutoka kwenye gunia?"

Bi Gundi akakohoa, kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

Binti akawa mwekundu wa macho. "Ule niliubadilisha mimi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa wa kati!" Sasa naye alikuwa anapiga kelele. "Kile chumba, kile kitanda, kile kipupwe. Mama upande huu, wewe upande ule, mimi katikati. Sikuwahi kuona shuka, Mama Mdogo. Niliona joto tu. Kwangu mimi ulikuwa upendo mwingi. Kosa langu liko wapi?"

"Kosa lako ni kwamba mimi nilikuwa pembeni! Miguu nje! Ndiyo maana niliiona shuka!"

Maneno yale yalikuwa kweli yote, ya huyu na ya yule. Lakini mwenye hasira hapendi kupewa ukweli wa pande mbili, na Mama Mdogo alikuwa ameibeba hasira yake siku nyingi mno kuitua kwa sababu ya mguu uliokuwa na baridi zamani. Akafunga sanduku la herufi kwa kishindo.

"Jina lako silipigi. Mwambie huyo mchapishaji wako asiyetaka kuchanganya watu."

Binti alitazama vitabu vile vilivyopangwa, vyote vipara. Viatu vyake vipya vilikuwa vimembana tangu asubuhi, na nyuma yake palikuwa na kiti. Akakaa.

Akakaa kwenye kile kiti.

Mto wa bluu ukatoa pumzi. Bi Gundi akaweka brashi ya gundi chini polepole, kama mtu aliyeona nyoka. Kwa muda mrefu mwanamke huyu alikuwa amenyamaza kwa ajili ya jicho alilotupiwa, na alikuwa amechoka. Mtu aliyezaliwa kuanzisha hawezi kukaa miaka bila kuanzisha. Akafungua mdomo. Hakusema kwa sauti yake ya kugombeza wala ya kubembeleza. Alisema kwa ile sauti ya zamani, ya karatasi ya kwanza ya asubuhi.

"*Kiti kitupu...*"

Mama Mdogo hakusikia sauti gani imetumika. Aliona kiti tu, na mto, na mtu juu yake. Nyongo ilimpanda, akamfokea Binti:

"*Umekalia nini!*"

Lilipokwisha kumtoka ndipo alipolisikia. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeteleza juu ya meza tupu, kutoka pembe hadi pembe, kama unaopitisha mfupa. Saba kamili. Bi Gundi alikuwa anamtazama na machozi yamemjaa. Mezani hapakuwa na karatasi, lakini ilikuwa imekwisha kusukumwa, na kila mtu chumbani alijua imesimama mbele ya nani. Kwa desturi ya meza ile, mtu hafikirii. Ikikukuta huna neno, umeliwa.

Binti aliweka kiganja juu ya meza, pale pale mama yake alipokuwa akiweka chake.

"*Mngeniita*," akasema.

Hakupaza sauti. Akabana kiganja chini.

Mama Mdogo aligeuza macho. Aliuona mlango. Alimwona mtoto mwenye nguo nyeusi amesimama pale baada ya mazishi, na akajisikia mwenyewe, kwa sauti ya upole kabisa, akimwambia nenda nyumbani ukapumzike. Mara ya pili. Mara ya tatu. Nyumbani kwa nani, apumzike na nani? Alikuwa amekilinda kiti cha marehemu dhidi ya meneja, dhidi ya vumbi na dhidi ya mwanawe. Na akawa anakasirika kwamba mtoto aliyefungiwa nje amechukua vilivyokuwa ndani.

Hasira haikumwisha, nani aliyekudanganya kwamba huisha hivyo? Ilimgeukia tu. Alijikasirikia mpaka masikio yakawaka moto.

"Umefunga," akasema mwishowe, kwa ukali, kama anayemkaripia.

"Ndiyo."

"Tano."

"Ndiyo, Mama Mdogo."

"Mama yako angetia swali."

"Mimi si Mama."

Bi Gundi akapenga kwenye aproni. "Mimi naona lina swali humo humo ndani," akasema, na hakuna aliyembishia.

Mama Mdogo akafungua sanduku la herufi, akalisukuma mezani, kwa ule msukumo wa zamani, likasimama mbele ya Binti.

"Panga."

"Nipange nini?"

"Majina. Yote. Kwa mpangilio wa meza."

"Mchapishaji..."

"Mchapishaji ana sindano? Panga!"

Binti akapanga. Vidole vyake havikuijua kazi, akaweka herufi moja kichwa chini, akatolewa maneno, akaigeuza. Bi Gundi alipoulizwa jina lake la kweli alisema hata yeye ameshalisahau, waandike Bi Gundi, ndilo wanalolijua wanaomdai salamu. Likafuata la Mama Mdogo, likafuata la Dada. Majina hayakuenea mstari mmoja, ikabidi iwe miwili. Binti alipofika kwenye lake alilishika mkononi, herufi zile chache za shaba, akataka kuzirudisha sandukuni.

Mama Mdogo akampiga kofi mkononi. "Nani kakwambia urudishe? Ungeacha kuokota, leo kungekuwa na kitabu? Weka. Chini ya mama yako."

"Na ule mstari wa kati?"

"Upendo mwingi utautoa kwa mkono wako mwenyewe. Vipande vya karatasi viko kwenye magunia yako unayoyajua. Andika mstari wangu, kitabu kimoja kimoja, Bi Gundi atabandika."

"Mwandiko wangu mbaya."

"Najua. Nilikuwa nasaini madaftari yako."

Ndivyo walivyoshinda mchana ule. Binti aliandika *shuka ni moja kwetu* mpaka mkono ukamkakamaa, amevua viatu, amekaa kwenye kiti cha mama yake na hakuna aliyemwinua. Bi Gundi alibandika. Mama Mdogo alikandamiza majina ya dhahabu, jalada baada ya jalada, na hakuongea ila kugomba: umelalia meza, umemwaga wino, huo ni mstari au njia ya siafu. Meneja alikuja kulalamika kwamba saa zimekwenda, akaona kiti kina mtu, akasahau alichojia. Mstari wa pili wa majina ulitoka umepinda kidogo. Katika maisha yake Mama Mdogo hakuwahi kutoa jalada lililopinda, na majalada haya aliyatoa hivyo hivyo.

Vitabu vilipoingia kasha, Binti akavaa viatu vyake, akalibeba kasha kifuani, akaenda mlangoni. Pale kwenye magunia alisimama, akageuka nusu, kama anayengoja kuambiwa kitu na hajui ni kitu gani. Mama Mdogo alikuwa amempa mgongo, anafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Aliyekuwa na maneno ya kutosha kuzima mtambo asubuhi, sasa alikuwa anatafuta neno moja tu, na lilikuwepo, lilikuwa pale tangu kabla ya saa sita, likining'inia hewani.

"Marahaba," akasema.